Cheza Ukiwa Mtu Mzima: Jinsi ya Kuchagua Mchezo Utakaokufaa Kweli

Watu wazima wakinijia kuuliza wacheze nini, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, mchezo gani ni mzuri kwa afya?" Nami huwarudishia swali: wiki iliyopita ulikosa nini? Yupo aliyekosa jasho. Yupo aliyekosa mtu wa kuongea naye. Yupo ambaye kichwa kilijaa kazi hadi usingizi ukamruka. Watatu hao huwezi kuwapa mchezo mmoja ukategemea wote wapone.

Nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi, na tangu nistaafu naendesha kikundi cha Jumamosi jioni: wazee, wazazi, watoto wao, na vijana wachache wanaokuja wakijifanya wamepita tu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wao.

Anza na unachokikosa

Ipitie wiki yako. Kuna siku ulihema hadi maneno yakakatika mdomoni? Kuna hata nusu saa ambayo akili ilishughulika na kitu kisicho kazi, wala deni, wala simu? Ulicheka na mtu mkiwa mmekaa ana kwa ana? Lile jibu la "hapana" linalokuuma zaidi ndilo likuchagulie mchezo.

Nasisitiza hili kwa sababu mchezo hukupa kile unachokudai, basi. Drafti inadai utulivu na kuona mbele, kwa hiyo hunoa hayo. Moyo na mapafu haviguswi. Kuruka kamba kunadai pumzi, miguu na kuhesabu mapigo. Hakukufundishi kusoma nia ya mwenzako. Karata za watu wanne zinadai kumbukumbu na kumwelewa mshirika wako bila kusema naye, ila utazicheza umeketi saa tatu mgongo ukiwa umepinda. Ukilijua hilo hutauonea mchezo kwa kuutaka usichonacho, na hutajidanganya kwamba umefanya mazoezi kwa kuwa ulikuwa "unacheza".

Michezo ya kichwa: ipende, lakini usiahidiwe makubwa

Hapa ndipo watu wanapouziwa maneno. Utasikia chesi inaongeza akili, au kwamba programu fulani ya simu itakukinga na usahaulifu. Tulia kidogo.

Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon walichapisha jaribio zuri sana. Waliwaonyesha wachezaji wa chesi ubao kwa sekunde chache tu, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimekaa kama zinavyokaa kwenye mchezo wa kweli, bingwa alizirudisha nyingi kuliko asiyejua. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ukapungua karibu wote. Maana yake, bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu ya kila kitu. Alikuwa amezoea mipangilio ya chesi, kwa hiyo kete tano alizisoma kama kitu kimoja. Ustadi ule hausafiri mbali. Hautakusaidia kukumbuka ulipoweka funguo.

Wauzaji wa programu za kunoa ubongo wamewahi kubanwa juu ya jambo hili hili. Mwaka 2016 kampuni inayotengeneza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa matangazo ya kupotosha kuhusu faida za michezo yake.

Sasa usiende upande wa pili ukasema michezo ya ubao ni bure. Nyuma kidogo, mwaka 2003, nilipokuwa nikibishana na wenzangu kazini juu ya jambo hili, jarida la tiba la New England lilitoa utafiti wa Joe Verghese na wenzake, waliofuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi walipatwa kwa uchache na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga. Inawezekana pia mtu ambaye ubongo wake umeanza kuchoka huacha kucheza mapema. Lakini kwangu mimi, shughuli inayomfanya mzee wa miaka 78 aoge, avae, atoke na kwenda kumkabili mtu mezani haihitaji kusubiri uthibitisho.

Ili mchezo wa kichwa ukufae, fanya hivi. Kabla ya kugusa kete yako, sema moyoni mwenzako anataka nini. Usifikirie hatua yako kwanza, fikiria yake. Wengi wetu hucheza drafti kama tuko peke yetu, tunafuata mpango wetu hadi tunaliwa tatu kwa mpigo. Wanafunzi wangu wenye papara nilikuwa nawaambia wakalie mikono yao. Inachekesha, lakini mkono uliokaliwa hauwezi kukimbilia kete, na katika zile sekunde mbili za kuuchomoa, akili hupata nafasi ya kuuliza swali la pili. Anayecheza bao analijua hili: mashimo 32, kete 64, na mchezaji mzuri huuhesabu mtaji wote kichwani, kete itaishia wapi na itakula nini, kabla mkono haujaingia shimoni.

Kwenye karata, anza na zoezi dogo. Pakiti ina karata 52, na kila aina ina 13. Usijaribu kukumbuka zote. Hesabu turufu tu: zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Ukishazoea, ongeza aina ya pili. Utashangaa jinsi mchezo unavyobadilika ukijua kwa hakika kwamba mezani imebaki turufu moja na iko mkononi mwako.

Kama unachokikosa ni usingizi kwa sababu kichwa kimegoma kuachia jambo, tafuta mchezo unaoyashika macho: kupanga vipande vya picha, domino, hata Tetris, ule mchezo wa skrini wa kupanga vipande vinavyoshuka. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake walionyesha kwamba watu waliotazama filamu ya matukio ya kutisha kisha wakacheza Tetris walirudiwa na picha zile mara chache zaidi katika wiki iliyofuata. Inaelekea mchezo uliichukua ile sehemu ya akili inayochora picha. Hii si tiba ya mtu aliyepatwa na msiba mkubwa. Huyo anahitaji mtaalamu. Ila kwa makelele ya kawaida ya siku, kazi ya macho na mikono hutuliza kuliko kulala chali ukitazama dari. Acha tu muda wa kutosha kati ya skrini na kitanda.

Sawazisheni nguvu, la sivyo mtaacha

Sababu kubwa ya watu wazima kuacha mchezo, kwa nilivyoona, si ukosefu wa muda. Ni kupigwa kila siku, au kumpiga mtu yule yule kila siku. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ile hali ya mtu kuzama katika anachofanya hadi akasahau saa, na jambo moja alilolirudia ni hili: ugumu wa kazi uwe unalingana na uwezo wa anayeifanya. Rahisi mno, unachoka. Ngumu mno, unakata tamaa.

Kwa hiyo usiogope kumpunguzia nguvu aliye hodari. Kwenye drafti ya miraba 64 kila mmoja ana kete 12. Hodari aanze na kumi. Akishinda mara mbili mfululizo, atoe nyingine. Akishindwa mara mbili, arudishiwe moja. Baada ya jioni chache mtakuwa mmepata kipimo chenu, na kila mchezo utakuwa wa roho juu. Kwenye chesi, hodari atoe malkia, au mtumie saa: yeye dakika tatu, mwenzake kumi. Tenisi ya meza ni ya pointi 11. Mpe mgeni tano za kuanzia, au hodari ashike kibao kwa mkono asiouzoea. Hilo la mkono ndilo nilipendalo zaidi kwa sababu bingwa naye hugeuka mwanafunzi.

Kwa mtoto, usimwachie ashinde kwa siri. Anajua. Tazama uso wake siku unapofanya hivyo, utaona furaha ya adabu tu. Mpunguzie wazi wazi, mwambie, "Leo naanza na kete nane," halafu cheza kwa nguvu zako zote. Akikushinda, ushindi ni wake.

(Kwa wanaopenda kujua mwisho wa mambo: mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kompyuta zao, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989, zimeikokotoa hadi mwisho drafti ya miraba 64 ya mtindo wa Kiingereza. Wote wawili wasipokosea, mchezo ni sare. Bado sijakutana na wawili wasiokosea.)

Michezo ya jasho

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Shughuli ya wastani ni ipi? Jaribu kuongea. Ukiweza kuongea ila huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukitoa maneno matatu ukalazimika kuvuta pumzi, umeingia kwenye nzito. Huhitaji saa ya mkononi ya gharama kulijua hilo.

Sasa, kwa nini mchezo na si kukimbia peke yako? Kuna utafiti wa Copenhagen uliotolewa 2018, uliofuatilia watu zaidi ya 8,000 kwa hadi miaka 25. Ukilinganisha na wasiofanya mazoezi, wachezaji tenisi waliishi wastani wa miaka 9.7 zaidi, wa vinyoya 6.2, wa soka 4.7, wakimbiaji wa polepole 3.2. Usiukimbilie uwanja wa tenisi bado. Wacheza tenisi huenda wana mambo mengine yanayowafaa, na watafiti wenyewe walikiri kwamba hawawezi kusema mchezo ndio sababu. Lakini angalia walioko juu: wote wanacheza na mtu. Mimi nalisoma jambo hilo kwa macho ya mwalimu. Anayekimbia peke yake mvua ikinyesha anabaki nyumbani. Anayesubiriwa na wenzake watatu ili timu itimie, huyo hutoka.

Mtu wa miaka arobaini na kitu aliyekaa kitini mwaka mzima asiingie uwanjani Jumapili akadhani miguu bado ni ile ya shule. Misuli ya nyuma ya paja na mshipa wa kisigino haina taarifa na kumbukumbu zako. Pasheni mwili moto kwa dhati. Mpango unaoitwa FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi na una sehemu tatu: kukimbia polepole ukigeuka na kufungua nyonga, kisha mazoezi ya nguvu, kuruka na kusimama mguu mmoja, kisha mikimbio mifupi ya kasi. Dakika 20 zikiwashinda, fanyeni kumi, lakini msiikate ile ya katikati.

Na kama magoti hayataki tena? Ipo soka ya kutembea, iliyoanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Kukimbia ni kosa. Waliozoea mpira huidharau kwa dakika tano za kwanza, kisha wanagundua kwamba usipoweza kukimbia inabidi pasi iwe pasi kweli.

Kwa wenye miaka 65 na zaidi, ushauri wa Shirika la Afya Duniani unaongeza mazoezi ya mizania na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, hasa kuzuia kuanguka. Hapa mchezo mdogo unatosha. Simameni wawili mkitazamana, hatua mbili au tatu kati yenu, kiti imara kikiwa ubavuni kwa kila mmoja. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Rushianeni mpira laini, kwanza kifuani, kisha kidogo kulia, kidogo kushoto, kisha chini ya kiuno. Mwili utalazimika kuhamisha uzito huku macho yako kwenye mpira, na hivyo ndivyo maisha yalivyo: mtu haanguki akiwa anafikiria miguu yake. Ongezeni kutaja jina la mnyama kila unaporusha, bila kurudia. Mimi mchezo huu huwapa hata wazee wanaosema hawachezi. Wakifika mnyama wa ishirini wameshasahau kwamba hawachezi. Kama umewahi kuanguka hivi karibuni au una kizunguzungu, muone daktari kwanza, na asikose mtu wa kukushika.

Watu

Jioni moja pale kikundini binti wa miaka tisa alikuwa anacheza drafti na babu yake, babu akiwa na kete nane. Mzee akagusa kete ya pembeni, akaona hatari, akarudisha kidole kama vile alikuwa anafuta vumbi.

"Babu, umeigusa. Ukigusa umecheza."

"Nilikuwa naisogeza tu ikae katikati, mjukuu wangu."

"Shikamoo babu, lakini umeigusa."

Tukacheka sote kwa hiyo shikamoo iliyokuja saa moja baada ya wakati wake. Mzee akaisukuma kete. Binti akala mbili, akatua mstari wa mwisho, akagonga ubao: "Kingi!"

Ni wapi pengine mtoto anaweza kumsimamisha mkubwa kwa haki bila kumvunjia heshima, na mkubwa akakubali bila kushuka? Sheria ya mchezo iko juu ya wote wawili. Ndiyo maana nawaambia wazazi wanaolalamika kwamba kijana wao hasemi nao: wekeni ubao mezani, msimhoji. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno hutoka yenyewe, kati ya hatua na hatua.

Lipo na jambo la mwili hapa. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho: walipopiga pamoja, miili yao ilistahimili maumivu zaidi kuliko walipopiga kila mtu peke yake kwa nguvu ile ile. Walikisia kwamba kwenda pamoja kwa mdundo mmoja huongeza zile kemikali za mwilini zinazoleta raha. Aliyewahi kuruka kamba na wenzake wakihesabu kwa sauti hatashangaa.

Kikundi kikianza, malizeni sheria kabla ya mchezo. Drafti ina mitindo: kula ni lazima au hiari? Kingi anaruka mbali au mraba mmoja? Mkikubaliana kabla, mtabishana dakika mbili. Mkiacha hadi mtu aliwe, mtabishana hadi usiku. Wekeni siku moja na saa moja isiyobadilika, kwa sababu "tutafutane" ni kifo cha kikundi. Anzeni na watu wanne. Akikosekana mmoja bado mnacheza. Na pesa isiwekwe mezani, hata ndogo ya kuchangamsha. Ikiingia, hodari hatakubali tena kupunguza kete, mgeni ataogopa kujifunza, na kile mlichokutania kitakuwa kimebadilika jina kikawa kamari.

Michezo ya skrini

Siipigi vita. Daphne Bavelier na Shawn Green walionyesha mwaka 2003 kwamba wachezaji wa michezo ya video ya kasi walikuwa hodari zaidi kuona na kufuatilia vitu vingi kwa pamoja, na kwamba waliofundishwa kuicheza nao waliimarika. Kucheza mtandaoni na ndugu aliye mbali ni kucheza na mtu. Kipimo changu si saa. Ni kinachosukumwa nje. Usingizi, masomo, chakula cha pamoja, marafiki wa ana kwa ana: kimoja kikianza kupungua, punguza mchezo. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hiyo kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya kila kitu, na kuendelea ingawa unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kijana aliyezama wiki moja kwenye mchezo mpya wakati wa likizo hajafika huko. Msimtishe.

Mwenzako akihama

Hili huua michezo mingi, na dawa yake ni rahisi. Kila mmoja apange ubao wake nyumbani. Upande mmoja wa ubao upewe herufi, a hadi h, upande mwingine namba, 1 hadi 8, ili kila mraba uwe na jina. Tumianeni hatua moja kwa siku kwa ujumbe mfupi: "c3 kwenda d4", pamoja na habari za nyumbani. Wekeni ukomo, siku mbili kwa kila hatua. Akipitiliza bila sababu, mpigie, huenda ana shida. Kompyuta isiulizwe. Na kila ukipokea hatua upige picha ubao wako, maana utakaa mezani wiki kadhaa, na nyumba yenye mtoto mdogo ina mchezaji wa tatu.